Tawi la Kumi na Moja

Mke wangu hapendi niisimulie habari hii mbele ya wageni, kwa hiyo naiandika wakati yeye yuko sokoni. Ni habari ya jinsi nilivyokaribia kumkosa. Nilikaribia kweli, si maneno ya kupamba, na chanzo kilikuwa uvivu wangu mwenyewe, mti wa mnyaa na maziwa kidogo ya dada yake. Nikisema hivyo watu hucheka kabla sijaanza. Wacheke tu. Mimi siku zile sikucheka.

Nianze na njia, maana bila njia ile hakuna habari. Nilikuwa mchuuzi wa mitumba pale Kondoa, miaka ile biashara ilipofunguliwa. Waliokuwepo wanakumbuka tulikotoka: rafu tupu, foleni ya kipande cha khanga, mtu ana suruali yenye viraka juu ya viraka na haoni aibu kwa sababu suruali ya jirani yake ni hivyo hivyo. Halafu ghafla nguo zikamwagika. Tulikuwa tunafuata marobota Dodoma, pale Majengo, tunachangia robota moja watu watatu, tunagawana palepale chini kwa kelele na kugombania makoti, kisha tunapanda basi la kurudi Kondoa. Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya miguu. Minada ya vijijini ilikuwa na siku zake, na kila mnada ulikuwa na mlima wake wa kukuzuia usifike.

Siku hizi nikienda Dodoma nawaona vijana wa maofisini siku za Jumapili, wamevaa kaptura za kubana na kofia ngumu, wanapanda vilima kwa baiskeli nyepesi nyepesi. Nilimuuliza mmoja anakwenda wapi. Akaniambia, "Popote tu, mzee, natafuta jasho." Sisi jasho lilikuwa linatutafuta lenyewe, na likitupata halituachii.

Njia yangu mimi ilikuwa ya Haubi. Ukitoka mjini unavuka mto wa mchanga, na mchanga ule hauendeshwi, unasukuma tu, magurudumu yanazama mpaka kwenye rimu. Ukishavuka unapata kipande kizuri cha tambarare, udongo mwekundu uliokaza, unakanyaga pedeli huku unapiga stori na mwenzako. Usijidanganye. Mbele kuna mlima ambao wachuuzi tuliuita Vua Shati, na ukiumaliza huo kuna wa pili, Omba Maji. Hapo hakuna cha kuendesha. Mkono wa kushoto unashika usukani, wa kulia unasukuma mzigo kwenye keria, kichwa umeinamisha, unahesabu hatua mia unapumzika, mia nyingine unapumzika. Kando yako ni korongo, na ukichungulia unaona mizizi ya miti iliyoachwa uchi na mvua za zamani. Juu kabisa kuna mahali bapa penye mawe, tulipaita Kituo. Ukifika Kituo unaliona bonde lote la Haubi, ziwa liko katikati, mashamba yamelizunguka, na upepo unakukaushia lile shati ulilovua. Nimefika pale mara nyingi mno, na sikumbuki hata mara moja ambayo sikusema alhamdulillahi kwa sauti.

Shida ilikuwa kushuka. Mteremko wa upande wa Haubi ulikuwa na kona saba, na tuliuita Shahada, kwa sababu kila mmoja wetu aliitamka kabla ya kuachia baiskeli. Breki zetu zilikuwa za vyuma na vipande vya mpira, na ukiwa na gunia la nguo nyuma, mpira unakwisha kabla ya kona ya pili. Kwa hiyo tulikuwa tunafunga tawi. Tawi zito lenye vitawi vingi, unalifunga kwa kamba chini ya keria, linaburuzwa nyuma yako linakwaruza njia na kukuzuia. Vumbi linalotimka ni la kukutia wazimu, lakini unafika chini ukiwa na meno yako yote.

Sasa, matawi hayakupatikana ovyo. Milima ile ilikuwa imeliwa na makorongo kiasi kwamba serikali iliwahamisha ng'ombe na mbuzi wote kabla mimi sijaanza biashara, wakapelekwa tambarare huko chini, ili ardhi ipumue. Kukata mti lilikuwa kosa, na bwana misitu hakuwa mtu wa kubembelezwa. Tulimwomba kwa unyenyekevu, akaturuhusu matawi ya mti mmoja ulioanguka wenyewe. Yakatoka kumi na moja, na sisi wachuuzi wa njia ile tulikuwa kumi na moja. Basi tukajiwekea sheria. Matawi yanakaa Kituo. Kila mtu anashuka na lake, analiegemeza kwenye ukuta wa nyumba ya kwanza chini ya mlima, anakwenda mnadani, na akirudi analifunga juu ya keria analipandisha tena Kituo kwa ajili ya wiki inayofuata. Ukishuka na tawi, panda na tawi. Hakukuwa na mwenyekiti wala katibu, na sheria ilifuatwa kuliko nyingi zenye mihuri.

Mimi ndiye niliyeivunja. Wiki moja niliuza vizuri mno, nikanunua maharage ya kwenda kuuza mjini, mzigo wa kurudi ukawa mkubwa kuliko wa kuja. Nilipofika kwenye ile nyumba chini ya mlima nikalitazama tawi langu, nikautazama mzigo, nikasema nitalichukua wiki ijayo. Hebu ifikirie akili hiyo. Wiki ijayo nitakuwa natokea juu, na tawi liko chini. Lakini mtu aliyeuza vizuri hafikirii, anapiga mluzi.

Wiki iliyofuata nikapata pancha kwenye tambarare. Wenzangu wakaniambia tutakutana mnadani, wakaenda. Nilipomaliza kuziba na kuupanda Vua Shati na Omba Maji peke yangu, jua lilikuwa limekwishapanda, na pale Kituo palikuwa na mawe matupu. Matawi kumi yalikuwa yameshuka na wenyewe. La kumi na moja lilikuwa limeegemea ukuta kule chini, mahali nilipoliacha.

Mtu mwenye busara angeteremka kwa miguu, taratibu, akiishikilia baiskeli kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimechelewa mnada na nina hasira na nafsi yangu, na hasira hiyo niliitaka imwangukie mtu mwingine. Karibu na Kituo palikuwa na boma la zamani la ng'ombe, wenyewe walishahamishwa, ukabaki ua wa minyaa umekua bila wa kuupunguza. Nikajiona mjanja. Bwana misitu alikataza miti, hakusema kitu juu ya ua wa ng'ombe wasiokuwepo.

Kila mtoto wa kwetu anaujua mnyaa. Vijiti vya kijani visivyo na majani, ukivunja kimoja unatoka utomvu mweupe, na tangu hujajua kuvaa viatu unaambiwa usiuchezee, utapofuka. Nilijua. Nilifunga kitambaa mkononi kabisa, nikakata tawi kubwa kwa panga, nikalifunga kwenye keria, nikatamka shahada yangu nikaondoka. Kitambaa kilikinga kiganja. Hakikukinga mkono kuanzia kiwiko, uliokuwa umerukiwa na utomvu, na kwenye kona ya pili jasho likanishuka machoni nikalifuta kwa mkono huohuo.

Maumivu yale sitaki kuyaeleza sana. Chukua pilipili mbichi uitwange, ujipake machoni, halafu mtu akushikilie usizifikie kope. Nilikuwa katikati ya mteremko, nina gunia la nguo nyuma, na sioni kitu. Tawi lenyewe ndilo lililonisaidia, kwa kuwa lilikuwa zito, baiskeli haikupata kasi. Nikashusha miguu, nikaburuzika, nikaanguka ubavu kwenye mtaro. Nikasimama nikiwa nimejishika uso na kuanza kutembea, sijui kwenda wapi.

"Wewe, simama hapohapo," sauti ya mwanamke ikaniambia. "Hatua nyingine tu, unaingia korongoni."

"Nani huyo?" nikauliza.

"Mwenye macho," akasema.

Alikuwa anatoka shamba. Nilisikia jembe likiwekwa chini, nikasikia nyayo zikizunguka baiskeli. "Umekata mnyaa," akasema. "Mtu mzima na ndevu zako umekata mnyaa. Wewe ni mtu wa wapi?" Nikamwambia Kondoa mjini. Akasema, "Basi Kondoa wana hasara." Akaikata ile kamba, akalitupa tawi, akanishikisha keria, yeye akashika usukani, na hivyo tukateremka kona tano zilizobaki, ananiambia jiwe, shimo, inua mguu, jiwe tena. Nilikuwa nalia kwa maumivu na aibu. Hakunicheka njia nzima, na kwa hilo peke yake ningemshukuru mpaka leo.

Nyumba aliyonipeleka ni ileile tuliyoegemezea matawi. Waliishi watatu wakubwa na mtoto mmoja. Bibi, ambaye kila wiki alitupa maji ya kunywa na kutukemea kwa vumbi letu. Mjukuu wake mkubwa, aliyeolewa, mumewe alikuwa kibarua mashambani huko Babati, naye ana mtoto wa miezi mitano mgongoni. Na mjukuu mdogo, huyu wa jembe, ambaye sasa yuko sokoni na atarudi muda si mrefu.

Bibi alinimwagia maji mtungi mzima. Kisha akasema yanatakiwa maziwa, maziwa ndiyo yanayoutuliza mnyaa. Ng'ombe wa karibu alikuwa tambarare, nusu siku kwenda. Nikasikia mjukuu mkubwa akisema, polepole, "Maziwa ninayo mimi."

Walinilaza chali kwenye mkeka. Yeye akageukia pembeni akakamulia kwenye kijiko, na mdogo wake akapiga magoti kichwani kwangu kunifungua kope kwa vidole, maana mwenyewe nilikuwa siwezi. Vidole vyake vilikuwa na udongo wa shamba alioosha haraka haraka. Aliniambia nisitikisike, nikitikisika atanipiga. Maziwa yakaingia jicho la kulia, kisha la kushoto, na ule moto ukapungua kidogo tu, kiasi cha kukumbuka kuwa nina mwili. Tone likateleza kando ya pua yangu likafika mdomoni. Nikalilamba. Sikuwaza lolote, mtu aliyelala chali hulamba kinachomdondokea. Lilikuwa vuguvugu, na utamu kwa mbali.

Nilikaa pale siku tatu. Asubuhi na jioni kijiko kililetwa. Mwaka ule chakula kilikuwa cha kubahatisha na maziwa ya yule mama hayakuwa mengi, nilijua, kwa sababu nilikuwa namsikia mtoto akilia akisubiri zamu yake, na zamu ilikuwa yangu. Sijawahi kujisikia vibaya na kushukuru kwa wakati mmoja namna ile. Nilimwambia yule mama aache, kwamba yatapona yenyewe. Akasema, "Huyu atanyonya tena baadaye. Macho yako je, yataota tena?" Bibi aliliweka gunia langu la nguo chini ya kitanda chake mwenyewe, na hakuna hata soksi moja iliyopungua.

Asubuhi ya siku ya tatu niliamka nikaona mwanga, kisha mstari wa ukuta, kisha kitu cheusi kimeegemea ukuta huo. Nikakodoa macho. Lilikuwa tawi langu. Nililitazama muda mrefu, na yule mjukuu mdogo akaja akasimama mlangoni akanitazama nikilitazama. Akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona uvivu wangu. Hapo ndipo aliponicheka kwa mara ya kwanza, akacheka mpaka akaketi kwenye kizingiti.

Baada ya hapo nilikuwa napandisha matawi mawili kila wiki, langu na la yeyote aliyechoka. Na kila wiki nilikuwa na sababu ya kukaa pale chini ya mlima muda mrefu kuliko wenzangu. Mara cheni imelegea, mara spoku, mara kiu. Bibi akasema hajawahi kuona mtu mwenye kiu kama mimi. Nilimletea yule mama sweta za mtoto kila robota lilipofunguliwa, na mtoto akawa anatembea kabla hajazimaliza. Mdogo wake hakutaka zawadi. Alitaka baiskeli. Siwezi kusema nilimfundisha kuendesha, alininyang'anya tu, akaanguka mara mbili, mara ya tatu akazunguka nyumba. Nikajua kwamba sitaki kuoa mtu mwingine yeyote.

Nikamtuma mjomba wangu kupeleka posa. Alikwenda na shati lake la Ijumaa na akarudi na sura ya mtu aliyelamba ndimu. "Wanakupenda," akasema. "Ndiyo shida yenyewe." Bibi alikuwa amemjibu kwa heshima zote kwamba jambo hilo haliwezekani. Yule kijana ni mwanetu, alisema, amenyonya maziwa ya mjukuu wangu mkubwa. Anataka kumuoa mama yake mdogo?

Kwa asiyejua, kwa sisi Waislamu mtoto akinyonyeshwa na mwanamke asiye mama yake, anakuwa mtoto wa nyumba ile, na kuoa humo ni haramu. Hayo niliyajua. Ila sikuwahi kufikiri kuwa yanaweza kunihusu mimi, niliyekuwa na miaka ishirini na minne na baiskeli. Wenzangu wa njiani walifurahi kuliko siku ya Idi. Mlima mzima ilikuwa, "Mama mdogo hajambo?" na "Umewanyonya ukawamaliza, sasa unaanza kuwaoa." Nilicheka nao, kwa sababu ukikasirika ndiyo wanazidi. Nikifika nyumbani nilikuwa silali vizuri.

Pale Majengo palikuwa na fundi cherehani rafiki yangu, aliyesoma chuo cha Kurani muda mrefu kuliko mimi. Nilimweleza akiwa anabana suruali. Akafikiri, sindano mdomoni, akasema, "Jicho halinyonyi. Hapo huna kesi. Kesi ni mdomo." Akaniuliza kama yaliingia mdomoni. Nikasema sikumbuki. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Basi endelea kutokumbuka hivyohivyo."

Nilirudi Kondoa na jibu langu tayari. Hayakuingia. Neno moja tu. Nililirudia kwenye basi, nikalirudia nikisukuma baiskeli kwenye mchanga na kwenye Vua Shati. Nilijiambia si uongo mkubwa, tone moja, nani alihesabu.

Bibi alikuwa amekubali shauri lipelekwe kwa shehe aliyekuwa anafundisha madrasa za bonde lile. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, anazunguka kijiji hadi kijiji kwa baiskeli, na siku ile alifika kwa bibi akiisukuma, tairi la nyuma limelala. Kwa hiyo shauri langu lilisikilizwa uani, shehe amekaa kwenye kigoda ameipindua baiskeli, anatoa tyubu. Mimi nikapewa kazi ya kushika beseni la maji. Mjomba wangu alikuwa upande mmoja, bibi upande wa pili, yule mama wa mtoto kwenye mkeka. Mchumba wangu, kama alikuwa wangu, alikuwa ndani nyuma ya pazia la mlango, nikaiona miguu yake kwa chini.

"Shikamoo, shehe," nikasema.

"Marahaba. Shika beseni vizuri, linayumba."

Bibi akaeleza yote, tangu mnyaa mpaka kijiko, hakuongeza wala hakupunguza. Shehe alikuwa anaitumbukiza tyubu majini kipande kwa kipande akitafuta kiputo. "Machoni," akasema, "hakuna kunyonya. Hilo limekwisha."

Nilianza kupumua. Bibi akasema, "Hilo najua. Mimi nauliza mdomo." Akanigeukia. Alikuwa na macho madogo makali, na siku zote alikuwa ananiita mwanangu, na siku ile pia aliniita hivyo. "Mwanangu, yalikuingia mdomoni au hayakuingia?"

Neno langu lilikuwa mdomoni tayari. Nikamtazama yule mama kwenye mkeka ili nisimtazame bibi, na mtoto wake alikuwa amesimama amemshika bega, amevaa sweta la kijani nililomletea, ananikodolea. Nikakisikia kile kilio cha kusubiri zamu. Nilichukua maziwa yake siku tatu, na macho niliyokuwa namtazamia ni yake nusu. Nikaona kwamba nikisema lile neno, basi nimekula mara mbili, kwanza maziwa na sasa ukweli wao. Nilimtaka yule msichana kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Lakini sikuweza.

"Yaliingia, bibi," nikasema. "Tone moja, labda mawili. Niliyalamba nikameza."

Mjomba wangu alifunga macho. Ile miguu chini ya pazia haikusogea. Nilifikiri, basi, nimemaliza. Nitashukuru kwa macho na nitafute njia nyingine ya kwenda mnadani, kwa sababu hii sitaweza kuipita tena.

Kiputo kikatoka majini. "Hapa ndipo," shehe akasema, akaweka kidole, akaikausha tyubu kwa kanzu yake, akaanza kuikwaruza kwa msasa. Hakuwa na haraka hata kidogo. Akapaka solusheni, akaipuliza, akabandika kiraka, akakibana kwa vidole viwili. Ndipo akamgeukia bibi.

"Bibi yangu, kunyonya kunakohesabika ni kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili," akasema. "Huyu siku hiyo alikuwa na ndevu?"

"Alikuwa nazo," bibi akasema. "Mbaya mbaya."

"Basi alikunywa dawa. Muozesheni."

Bibi alikaa akifikiri. Kisha akasema sheria ni sheria, yeye haipingi, lakini mjukuu wake mkubwa hatakuja kuitwa shemeji na mimi hata siku moja. Nitamwita mama. Nikakubali palepale, na mpaka leo nywele zangu zimekuwa nyeupe, na yeye ananizidi miaka mitatu tu, namwita mama na naitikia nikiitwa mwanangu. Yule mtoto wa sweta la kijani ana gari lake na anaendesha abiria wa Babati, na akinikuta Kondoa hanitozi nauli, anasema kaka mkubwa halipi.

Mwaka jana tulikwenda Haubi, mimi na mke wangu, kumwona mama huyo alipokuwa anaumwa mguu. Tulipanda bodaboda mbili mpaka Kituo, kisha nikawaambia vijana wasimame, nilitaka kushuka pale kwa miguu. Barabara imechongwa, kona ni zilezile saba. Miti imerudi mingi sana, huwezi kuamini ni milima ile. Ua wa minyaa bado upo, umekuwa msitu. Tukakaa kwenye mawe, nikamwambia mke wangu ninavyomshukuru yule shehe, aliyekwishafariki, maana yeye ndiye aliyenipa mke huku ameshika kiraka mkononi.

Akalitazama ziwa. Halafu akasema, "Shehe hakukupa mke."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Siku ile ya mnyaa nani alikuwa amekushika kope?" akaniuliza. "Uso wako ulikuwa hapa." Akapima kwa kiganja, karibu na kidevu chake. "Nililiona lile tone. Nililiona linashuka puani, na nikakuona unalilamba. Kwa hiyo nilikuwa nyuma ya pazia nasubiri utasema nini. Shehe angesema halali, bibi angesema halali, lakini wewe ungesema halikuingia, mimi ningetoka palepale nikakukataa."

Nilikumbuka lile neno nililolibeba kutoka Majengo, kwenye basi, kwenye mchanga, mpaka juu pale tulipokaa, limekaa tayari kwenye ulimi wangu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo.

"Ungejivuna," akasema. Akasimama akajipangusa vumbi, akanipa mkono niinuke. Tukaanza kuteremka kwa miguu, yeye mbele kidogo, na kila penye changarawe aliniambia niangalie.